Mwambie Yustina Apunguze Chumvi

Kwanza acheni kucheka mkisikia neno shanga. Najua mnacheka, maana na sisi tulicheka. Siku Daktari Salehe, mkuu wa maabara yetu, aliponiambia mbele ya vijana wa kiume, "Yustina, leo utaosha shanga mpaka jua la utosi," nilitazama sakafu nisijue niuweke wapi uso. Msichana wa Matombo niliyelelewa na masista, shanga nilizozijua ni za aina mbili tu, za rozari na zile ambazo hazitajwi hadharani. Kumbe yeye alikuwa na za aina ya tatu, ndogo kuliko chembe za unga, zimetuama kwenye kichupa kama tui. "Hizi hazivaliwi," akaniambia. "Nyanyua kichwa tufanye kazi."

Ninyi mnaoingia maabara sasa mna shanga zinazovutwa kwa sumaku. Mnasogeza sumaku, shanga zinaganda pembeni, mnamwaga maji, mmemaliza. Sisi tulizizungusha kwenye mashine mpaka zikatulia chini, halafu tukayanyonya maji ya juu kwa pipeti, na mkono ukitetemeka kidogo umeshanyonya na shanga zenyewe, kazi ya wiki nzima imekwenda na maji. Dawa ya mkono unaotetemeka ni kula kabla ya kuanza. Sijui kwa nini hawaliandiki hilo vitabuni. Nimeona vijana wenye akili kweli kweli wakiharibu kazi kwa sababu ya njaa, wakasingizia mashine.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Batobato mnaijua: majani ya muhogo yanajikunja, yanapiga madoa ya njano, na mizizi inabaki myembamba kama vidole. Shamba la mama yangu liliugua hivyo nikiwa mdogo, tukala ndizi mpaka tukazichukia. Kinacholeta batobato ni kirusi, na kirusi hicho ni maskini wa kutupwa. Kikiingia ndani ya jani hakina vyombo vya kunakili DNA yake ili kizaliane. Kina protini moja ya kuanzisha kazi, na hiyo hupita ndani ya seli ikiazima protini za muhogo wenyewe: moja ya kufunua nyuzi za DNA, nyingine ya kuzishikilia zisijifunge tena, nyingine iliyo kama pete, inayomzuia mnakili asiteleze. Zikishikana zinakuwa kundi moja, na kundi hilo ndilo linalonakili. Muhogo unaumizwa kwa vyombo ulivyoazimisha wenyewe.

Daktari Salehe alitaka kulijua kundi hilo lote, nani na nani wamo. Ukiwajua, alisema, unaweza kutafuta muhogo mchoyo, unaokataa kuazimisha. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu nilipomkuta akiwa na nywele nyeusi hadi akawa na mvi, pale chuoni chini ya mlima, katika maabara yenye madirisha yanayotazama Uluguru. Hakutaka kikubwa. Alitaka siku moja alikamate kundi zima, aliweke kwenye kichupa pamoja na DNA ya kirusi, na aione ikinakiliwa mbele ya macho yake. Likiweza kufanya kazi nje ya jani, utajua humo hakuna aliyesahaulika.

Kulikamata ni kama kumshika mwizi mmoja sokoni na kuangalia nani watakuja kumtetea. Unachukua ile protini ya kirusi, ndiyo chambo, unaifunga kwenye shanga. Unamimina juu yake maji ya majani ya muhogo. Protini zinazoifahamu zinaishika, zisizoifahamu zinapita. Kisha unaosha, na hapa ndipo penye ufundi wote. Unaosha kwa maji yenye chumvi, na chumvi ndiyo inayotenganisha aliyeshika na aliyejishikiza. Ikiwa kidogo, wote wanabaki, hata waliokuja kushangaa. Ikizidi, hata mwenye haki yake anaachia mkono. Mwishoni waliobaki unawaangusha, unawapitisha kwenye jeli, kipande laini kinachowachuja kwa uzito, unawapaka rangi ya buluu, na kila mmoja anajitokeza kama mstari, mzito juu, mwepesi chini.

Hayo maji ya majani tuliyapata kwa kutwanga. Siku hizi mna naitrojeni, ile hewa baridi ya kumimina inayogandisha jani papo hapo, muda wowote. Sisi tuliipata kwa watu wa kupandisha ng'ombe kwa mirija, wanaogandishia mbegu za madume, walipokuwa nayo, na wasipokuwa nayo nilitwanga kwenye kinu cha udongo kilichozikwa kwenye barafu. Nilichuma majani machanga asubuhi kabla ya jua kuyachosha. Ujue ukitwanga polepole jani linapata moto na protini zinavunjana, kwa hiyo unapiga haraka, mkono mwepesi, kama mtu aliyesikia wageni wamefika. Hilo nilifundishwa na mama, si na chuo. Maabara nzima ilinuka kisamvu kibichi. Daktari alisimama mlangoni akisema, "Wapishi wa kisamvu tusiokula kisamvu. Watani zangu hawa, hata chakula wanakipima kwa pipeti."

Alisema watani kwa sababu ni kweli tulikuwa watani. Yeye alikuwa Mluguru wa Kinole, Mwislamu, mimi Mluguru wa Matombo, Mkatoliki, na dini haikuwa na neno hapo. Kwetu watani ni wa ukoo kwa ukoo, lukolo kwa lukolo, unazaliwa nao kama unavyozaliwa na mjomba. Lukolo wake na lukolo wetu ni watani tangu mababu. Maana yake aliweza kuniita mchawi mbele ya wageni na mimi nikamwita mwizi wa kuku, na tukaendelea na kazi. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi na sidhani kama tuliwahi kuambiana neno la maana bila kulivisha mzaha. Nikichelewa aliuliza kama fisi wangu alipata pancha. Siku mama yangu alipofariki alikuja Matombo, akachimba kaburi pamoja na ndugu zake, akalalama kwamba marehemu amechagua mahali penye mawe kwa makusudi ili kuwakomoa. Nililia nikicheka. Basi ndivyo tulivyokuwa, na ndiyo sababu ya haya ninayowaandikia.

Sasa kwenye jeli zetu palikuwa na mstari mmoja uliotuudhi. Kila tulipovuta kundi, huo ulikuwapo, mnene, wa buluu kuliko wote. Tukavuta kwa chambo kingine kisichohusiana na batobato, ukaja vilevile. Tukapeleka kipande chake nje kupimwa, majibu yakasema ni protini ya kawaida inayowasaidia wenzake wakati wa joto, imejaa kila mahali ndani ya seli, inamshika yeyote inayokutana naye. Daktari akampa jina. Alimwita Mzamiaji, kama wale wanaoingia harusini bila kadi, wakala kuliko baba wa bwana harusi.

Jina lilinoga. Wanafunzi walipokuja na jeli zao walianza kwa kusema, "Mzamiaji yupo hapa, Daktari, mwache, tutazame wengine." Nawasihi muwe waangalifu na majina mnayovipa vitu vilivyo kwenye vichupa vyenu. Ukishakiita kitu mzamiaji hukiulizi tena kimekuja kufanya nini. Unawaza namna ya kukitoa tu.

Tukamtoa. Daktari alikuwa mtu msafi, shati jeupe halipati doa hata siku ya kupaka rangi, na jeli chafu ilimkera kama sahani chafu. Akaongeza chumvi kwenye maji ya kuoshea. Mzamiaji akafifia. Akaongeza tena. Nikawa naosha shanga kwa maji ambayo nilikuwa namtania kwamba ni ya bahari, mtani wangu ameamua kutukausha kama ng'onda. Mwishowe Mzamiaji akatoweka, na jeli ikabaki na mistari michache iliyonyooka na safi. Daktari aliipiga picha akaiweka ukutani. Wageni waliokuja walisimama mbele yake wakatikisa kichwa kwa heshima.

Lakini kundi lile safi lilikuwa limekufa. Tuliliweka kwenye kichupa na DNA ya kirusi, tukatia vipande vinavyowaka ambavyo huonekana DNA mpya ikitengenezwa, tukasubiri, tukatazama jeli. Giza. Tukabadilisha joto, tukabadilisha majani, tukachuma ya Mzumbe, tukachuma ya Matombo. Giza. Daktari alisema pengine kuna mmoja ambaye hatujampata bado. Alimtafuta kati ya wale ambao hatujawahi kuwaona. Hakuna aliyefikiria yule tuliyekuwa tumemfukuza, na mimi nikiwa mmojawapo sikufikiria. Akastaafu namna hiyo. Siku ya kumuaga alinikabidhi kichupa cha shanga kama mtu anayeacha mbuzi wake kwa jirani. "Mtani," akasema, "usiwale."

Akarudi Kinole kwenye michungwa na midalasini yake. Mwanzoni alishuka mjini mara kwa mara, anaingia maabara, anagusa vitu, anakosoa. Kisha presha, ambayo alikuwa akiidharau muda wote, ikampiga kiharusi. Upande mmoja ukalala na mdomo ukapinda. Alinusurika, ila maneno yake alikuwa akiyaelewa mkewe peke yake, dada Mwanaidi, na mbele za watu hakukubali kabisa kufungua kinywa. Mtu aliyekuwa akinena vile, mdomo wake ukawa aibu yake. Daktari wa hospitali aliwaambia habari za kazi zisitajwe kitandani kwake, zisije zikampandisha presha. Sote tukatii. Mkuu mpya wa maabara, Daktari Mgaya, kijana wa Njombe mwenye adabu, alikwenda kumwona akazungumzia mvua tu.

Siku moja dada Mwanaidi alishuka mjini kununua dawa akapitia kwangu. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje.

"Hajambo kidogo. Amekutumia salamu," akasema. "Tena kazirudia mara nyingi mpaka nikamwambia nimesikia. Anasema, mwambie Yustina apunguze chumvi."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wanangu, kwa Kiswahili chetu mtu akikuambia punguza chumvi unaweza kuelewa mambo mawili. La kwanza, masimulizi yako yamezidi, unatia chumvi, na kweli nilikuwa nimesambaza mjini hadithi kwamba mtani wangu aliwakemea manesi kwa kutonawa mikono sawasawa hata kabla hajazinduka. La pili ni chumvi ya chakula. Nilikuwa nimempelekea kisamvu cha karanga wiki iliyopita, na mgonjwa wa presha hali chumvi. Nikachukua yote mawili kwa pamoja, nikaona huyo ndiye mtani wangu, kiharusi hakijamgusa ulimi wa ndani.

"Mwambie nimesikia," nikamjibu dada Mwanaidi. "Nimeipunguza yote. Sitaweka hata chembe."

Na nikafanya hivyo. Kila Jumamosi nilitwanga kisamvu kwa mkono uleule wa maabara, nikakiunga kwa karanga bila chumvi kabisa, nikapanda bodaboda hadi Kinole na hotipoti mapajani. Nilionja nyumbani, kilikuwa hakiliki. Nilijua angenifanyia dhihaka kama angeweza. Lakini alikula. Nilimlisha kwa kijiko, naye akala mpaka mwisho akinitazama usoni, macho yamekaza, kama mtu anayesubiri kitu. Nilidhani anasubiri nimtanie. Nikamtania. Nikamwambia ukoo wake wote wana meno ya mbuzi, nikamwambia michungwa yake ni michachu kama yeye. Alitabasamu kwa upande mmoja, halafu akaendelea kunitazama. Nikaosha hotipoti. "Nitaleta tena Jumamosi, mtani," ndivyo nilivyoagana naye kila mara.

Hatukuzungumza kazi hata siku moja. Nilijisifu moyoni kwamba namtunza.

Alifariki msimu wa machungwa. Tulipanda Kinole asubuhi, sisi wa ukoo wangu gari zima, maana watani hawakai nyumbani siku kama hiyo. Wanaume wetu walishika majembe kwenda kuchimba. Wanawake tuliingia jikoni kama wezi. Mama yangu mdogo alimnyang'anya mfiwa mmoja kanga akajifunga, akatangaza kwamba marehemu amekufa na deni la ubahili na hatazikwa mpaka tushibe. Mwingine alikalia kiti cha Daktari uani akaiga anavyoshika pipeti, kidole cha mwisho juu. Watoto wa marehemu walicheka na kamasi zikiwatoka. Ndiyo kazi yetu.

Daktari Mgaya alikuwa amekuja na watu wa chuo, wamevaa suti, wameketi kwenye viti vya plastiki. Hakuwahi kuona msiba wa Kiluguru. Niliona uso wake ukibadilika. Alinijia taratibu, akainama sikioni mwangu kwa heshima.

"Shikamoo mama. Samahani. Hawa wazamiaji wametoka wapi? Familia inapata shida. Tuwaombe watoke?"

Mjomba wa marehemu, mzee ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo siku ile, alikuwa karibu akamsikia.

"Hao si wazamiaji, mwanangu," akasema. "Hao ni watani. Ukiwatoa, kaburi utalichimba wewe? Sisi tuliofiwa hatuna nguvu. Wao hawakufiwa, ndiyo maana wanaweza kutushika."

Daktari Mgaya aliomba radhi akarudi kwenye kiti. Mimi nikabaki nimesimama na mwiko mkononi. Neno hilo nililisikia kwa sauti ya Daktari Salehe. Nilimwona Mzamiaji kwenye jeli, wa buluu, mnene, yuko katika kila kundi tulilovuta, anamshika kila mtu. Hakuna msiba usio na watani. Kwa nini tulishangaa kumkuta kila mahali? Nikaona na ile chumvi yote niliyommiminia.

Chumvi. Nilimtafuta dada Mwanaidi. Alikuwa chumbani, amekaa chini na wanawake wenzake, na si adabu kumsumbua mjane, lakini mimi ni mtani, nikaingia nikaketi mbele yake.

"Dada," nikasema, "zile salamu. Punguza chumvi. Alisema hivyo tu?"

Alifikiri. Macho yalikuwa yamevimba.

"Kulikuwa na neno jingine nikaliacha," akasema. "Alisema apunguze chumvi, mzamiaji arudi. Nikaona ni kiharusi kinamsemesha. Mzamiaji nani arudi, na nyumba hii ina mgonjwa? Nikaona haifai kukupelekea."

Sikumlaumu na ninyi msimlaumu. Ningekuwa mimi ningeliacha vilevile. Nilimshika miguu nikalia, na wanawake walishangaa, kwa sababu mtani halii kwa namna ile, akilia anavuruga utaratibu. Mama yangu mdogo alikuja kunitoa akinitukana kwa upole.

Jumatatu nilimweleza Daktari Mgaya yote. Hakucheka. Alisema tujaribu, na akaja mwenyewe kusimama karibu nami, akitia vichupa kwenye barafu. Nilitwanga. Niliosha shanga kwa maji yenye chumvi ndogo, ile tuliyoanza nayo kabla ya usafi kutuingia. Jeli ilitoka chafu, mistari imejaa kama nguo kwenye kamba, na Mzamiaji katikati yake ameketi kama mwenye nyumba. Daktari Salehe wa zamani angeitupa. Tukachukua kundi hilo lilivyo tukaliweka na DNA ya kirusi na vile vipande vinavyowaka.

Iliwaka. Haikuwaka sana, ulikuwa ukanda hafifu, lakini mahali ambapo kwa miaka yote tuliona giza palikuwa na mwanga. Daktari Mgaya alirudia bila mimi, asije akaamini mkono wangu kuliko kazi, na ikawaka. Kisha akamtoa Mzamiaji peke yake, wengine wakabaki. Giza. Akamrudisha, mwanga. Tukajua hivi: yeye hafunui DNA wala hainakili, ila anawashikilia wale wengine wakae sawasawa wakati wanashikana. Bila yeye wapo wote na hakuna wanachofanya. Daktari Mgaya alikwenda ukutani akaitoa ile picha ya jeli safi, akanipa niende nayo.

Nimestaafu tangu hapo, naishi Matombo, nina migomba na kuku. Kazi inaendelea mikononi mwenu na muhogo mchoyo bado hamjaupata, msivunjike moyo. Mliniomba niwaandikie mambo ya ufundi na nimeandika: kuleni kabla ya kuosha, twangeni haraka, msizidishe chumvi kwa kupenda picha nzuri. Ninalo moja la kuongeza. Mkubwa wako akikutumia salamu na hukuzielewa sawasawa, au ukazielewa upesi mno, panda bodaboda umfuate. Hata kama hawezi kusema. Mkalie mbele umuulize, chumvi ipi? Angetikisa kichwa tu ingetosha. Nilikuwa naye kila Jumamosi, uso kwa uso, na sikumuuliza.

Nilidhani hilo ndilo jambo zima la kujutia. Kabla sijastaafu nilikwenda Kinole kwenye arobaini yake, nikamchukulia dada Mwanaidi picha ya jeli mpya. Baada ya kisomo, watu walipotawanyika, tulikaa barazani nikamwonyesha kwa kidole. Huyu wa buluu ndiye mzamiaji. Huu mwanga ndio aliokuwa akiutafuta. Aliishika picha kwa mikono miwili kwa muda mrefu.

"Sasa naelewa kile kisamvu," akasema.

"Kisamvu gani, dada?"

"Chako. Hakikuwa na ladha, nilikionja. Nilimwambia aache, nitamwombea radhi kwako, akakataa. Alifurahi mno ulipokileta mara ya kwanza. Alisema umemwelewa na umemjibu, kwamba watani ndivyo mnavyojibizana, umempunguzia chumvi mbele ya watu wote na hakuna aliyejua. Mimi sikujua anasema nini. Basi kila Jumamosi ukishatoka mlangoni alikuwa ananiuliza, kasemaje?"

Nikamsogelea.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu ulivyosema," akaniambia dada Mwanaidi. "Kwamba Jumamosi utaleta tena."